Shajara ya mradi: kupiga grauti mgodi uliotelekezwa, ndani ya tangi la maabara

Siku ya 1

Naanza kuandika leo kabla hata mchanga haujaingia kwenye tangi, kwa sababu mradi kama huu ukisubiri ripoti ya mwisho yale mambo madogo madogo yanapotea yote, na mimi naona yale madogo ndo yanamsaidia mtu mwingine anayetaka kujaribu. Swali letu ni hili: kuna mgodi wa makaa uliotelekezwa, ndani yake maji yanageuka asidi, ukiujaza grauti, yaani uji wa majivu na saruji unaoganda, je maji ya chini ya ardhi pale kuzunguka yanakuwaje? Sizungumzii maji yanayotoka mlangoni mwa mgodi peke yake. Nataka kujua ya juu ya dari, ya chini ya sakafu, na yale yanayokwenda taratibu kuelekea visima vya watu huko mbele.

Wengi wakisikia grauti wanafikiria kuziba tu, yaani unamwaga uji mzito, unakauka, basi. Lakini grauti inafanya kazi tatu kwa mpigo. Inaondoa nafasi ya hewa, kwa hiyo oksijeni inapungua. Inabadilisha njia ya maji. Halafu yenyewe ni kemikali, ina chokaa nyingi, maji yaliyoshikana nayo yanaweza kufika pH 12 na zaidi (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali), na majivu yana vitu vyake kama boroni, aseniki na seleniamu ambavyo hutaki vikaonekane kwenye kisima. Hizo kazi tatu zinaweza kuvutana, moja inatengeneza nyingine inaharibu, na ndo maana tunataka kuziangalia pamoja kwenye tangi moja badala ya kupima kila moja peke yake kwenye chupa.

Kuipiga grauti ya majivu mgodini sio wazo jipya. Kule Maryland, Marekani, mwaka 1996 walijaza mgodi mdogo wa makaa unaoitwa Frazee kwa takriban mita za ujazo 4,300 za grauti iliyotengenezwa kwa majivu na mabaki ya mitambo ya makaa matupu, bila saruji ya kawaida. Kwa hiyo inawezekana. Sisi tunachotaka ni kuona kwa macho maji yanapita wapi baada ya hapo, kwa sababu ukiwa uwanjani unachimba vishimo vichache na kila kishimo kinakuonyesha pale kilipo tu.

Siku ya 3

Tangi limekamilika. Ni la plastiki angavu kama kioo, urefu mita 1.2, kimo sentimita 60, upana sentimita 10, jembamba makusudi ili kinachotokea katikati kionekane kwa nje. Chini kabisa mchanga, juu yake tabaka jembamba la udongo mfinyanzi kama sakafu ya mgodi, halafu chumba cha mgodi chenye kimo cha sentimita 20, halafu dari, halafu mchanga tena. Dari ilitusumbua maana mchanga mtupu unaporomoka, mwishowe fundi wetu wa karakana akasema "mwalimu, tugandishe mchanga kwa saruji kidogo tuufanye bamba, halafu nikutobolee nyufa kwa msumeno mwembamba", na limetoka vizuri kuliko nilivyotegemea, linapitisha maji na linasimama lenyewe.

Theluthi ya chumba upande wa juu wa mkondo tumeijaza kifusi, mawe yenye pairaiti, madini yanayozaa hiyo asidi, tuliyoyaacha miezi miwili kwenye mabeseni tukiyanyunyizia maji mara kwa mara. Theluthi mbili zilizobaki ni wazi, huko ndo grauti itaingia. Ncha zote mbili kuna visanduku vya maji, na tofauti ya kina ya kuanzia tumeiweka sentimita 6, yaani mteremko wa 0.05. Piezomita, yaani mirija ya kupimia kimo cha maji na kuchukulia sampuli, ziko sita. Namba 4 iko chini ya sakafu ya mgodi, ikumbuke hiyo.

Kuhusu mchanga: tumechagua chembe kubwa za milimita 1 hadi 2. Mchanga laini unanyonya maji kwenda juu sentimita ishirini au zaidi, na ukiwa uwanjani hilo ni jambo dogo lakini ndani ya tangi la sentimita 60 utakuwa umelowesha kila kitu na hakuna sehemu kavu iliyobaki, halafu utakaa unashangaa mbona asidi haitoki. Niliwahi kupoteza wiki tatu kwenye jaribio jingine kwa kosa hilo hilo.

Siku ya 4

Pembe ya kushoto inavuja. Silikoni tena, kusubiri saa 24.

Siku ya 5

Tumejaza maji kutokea chini polepole sana, ili hewa isukumwe juu isinaswe kati ya chembe. Ilichukua siku nzima. Ukijaza haraka vipovu vinabaki na vinaziba njia, unapima upitishaji maji wa hewa iliyonaswa wala sio wa mchanga.

Siku ya 11

Wiki hii ilikuwa ya kuangalia hali ya mwanzo, bila grauti. Maji yanayoingia yana pH karibu 7. Yanayotoka mlangoni mwa mgodi jana yalikuwa 3.1 na leo 2.9, mtiririko mililita 95 kwa dakika, na kwenye mdomo wa bomba pameshaanza kujijenga ule utando wa rangi ya chungwa ambao aliyewahi kuona kijito chini ya mgodi wa zamani anaujua.

Niieleze kidogo hii kemia kwa anayesoma bila kuwa mwanakemia. Pairaiti ni chuma na salfa. Ikipata maji na oksijeni, salfa inakuwa salfeti, chuma kinaachiliwa, na asidi inatoka. Kile chuma kikipata oksijeni tena kinageuka kuwa chuma cha hali ya tatu, na hicho chenyewe kinaishambulia pairaiti kwa nguvu kuliko oksijeni. Kwenye maji ya asidi hiyo hatua ya kugeuka ni ya polepole mno, ila kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo hiyo, na Singer na Stumm walionyesha mwaka 1970 kwamba wanaweza kuiharakisha kama mara milioni moja. Ndo maana mgodi ulioachwa unaweza kutoa maji machungu miaka na miaka baada ya mtu wa mwisho kutoka.

Sasa grauti inaingilia wapi hapo? Oksijeni. Lita moja ya hewa ina oksijeni kama mara thelathini ya ile inayoyeyuka kwenye lita moja ya maji, na ndani ya maji oksijeni inasambaa polepole kama mara elfu kumi kuliko ndani ya hewa. Ukijaza uwazi kwa grauti, au hata ukiufurisha maji tu, umeikata pumzi ile pairaiti. Hiyo ndo nadharia. Na kwenye kifusi chetu sa hivi maji yanapita chini tu sakafuni, mawe ya juu yana unyevu na hewa tele, na yameota unga mweupe wenye manjano kidogo. Huo unga ni chumvi za chuma na salfeti, ni asidi iliyokaushwa ikawekwa akiba. Nimeupiga picha. Sikujua bado kwamba utatuletea kazi.

Siku ya 14

Leo tumechanganya grauti. Majivu laini ya makaa, saruji, na maji kwa uzito wa 0.65 ya vitu vikavu. Kipimo cha kutiririka ni rahisi: kopo lililo wazi ncha zote, kipenyo milimita 75 kimo 150, unalijaza juu ya bamba, unalivuta juu, unapima duara la uji. Zaidi ya milimita 200 unahesabiwa unatiririka vizuri. Wetu ulikwenda 290, mwepesi kabisa, na sisi tukafurahi kwa sababu tulitaka ufike kila kona.

Kwenye silinda ya lita moja, baada ya saa mbili, maji yaliyojitenga juu yalikuwa mililita 8. Dada yetu wa kemia aliuliza, "Kaka, hizo nane hazitatusumbua?" Nikamwambia ni chini ya asilimia moja. Naliandika hilo kama lilivyo.

Siku ya 16, siku ya kupiga grauti

Tumetoboa "visima" vitatu kutoka juu, mirija ya milimita 8, tumeanza na cha chini karibu na mlango ili grauti ijenge ukuta kwanza, halafu tukarudi nyuma kuelekea kifusi. Kwa bomba kubwa la sindano, mkono taratibu. Unaona ule uji wa kijivu unavyoingia, unajikusanya kama kilima chini ya mrija, unalala, unapanda tena, na maji yaliyokuwa chumbani yanasukumwa mbele yake yakiwa meupe kama maziwa. Ulipogusa dari nikaona kabisa kwenye kioo, mstari wa kijivu umekutana na mstari wa bamba, hakuna nafasi. Nikaendelea kusukuma mpaka mpira wa sindano ukawa mgumu. Fundi akapiga picha. Tukafunga.

Siku ya 18

Mtiririko mlangoni umeshuka kutoka 95 hadi 60. Nilitegemea ushuke karibu na sifuri. pH mlangoni 11.4.

Kwa haraka haraka mtu angesema vizuri, asidi imekwisha. Lakini pH 11.4 sio maji mazuri, ni tatizo jingine limevaa nguo tofauti. Alumini kwa mfano inayeyuka kwenye asidi na inayeyuka tena kwenye ualkali mkali, katikati ndo inatulia. Na aseniki kutoka kwenye majivu inatembea vizuri zaidi maji yakiwa ya alkali.

Tena mililita 60 zinapita wapi kama chumba kimejaa?

Siku ya 20

Tumeweka rangi. Fluoresini kidogo sana kwenye kisanduku cha juu, taa ya urujuanimno, taa za chumba zimezimwa. Dakika arobaini za kwanza hakuna kitu, na mimi nikaanza kudhani rangi haijaingia, mpaka dada wa kemia akatukumbusha kwamba fluoresini haing'ai kwenye asidi. Ipo, imo ndani ya kifusi, ila haionekani. Tukasubiri.

Halafu ikatokea. Mstari mmoja mwembamba wa kijani, unang'aa kama umewashwa, juu kabisa ya grauti, chini kabisa ya dari, kutoka kifusi hadi karibu na mlango. Rangi ilikuwa inapita kimya kimya kwenye asidi na ilipogusa maji yenye chokaa juu ya mgongo wa grauti ikawaka. Yaani rangi yenyewe imetuchorea njia ya maji na kemia yake kwa wakati mmoja. Tulibaki tumesimama pale hakuna anayeongea. Nimefanya kazi za maji miaka mingi na sijawahi kuona jambo likijieleza lenyewe namna ile.

Siku ya 21

Kabla sijafungua tangi nimekaa na kalamu. Grauti yetu kwenye kipimo cha maabara inapitisha maji kwa kasi ya kama sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde. Kwa unene wa sentimita 20, uwezo wake wote wa kupitisha ni 2 × 10⁻¹⁰ mita za mraba kwa sekunde. Sasa mwanya. Mwanya laini wa milimita 1 unapitisha kwa kanuni ya mchemraba, yaani upana wa mwanya unauzidisha kwa wenyewe, halafu tena kwa wenyewe, na hesabu inatoka kama 8 × 10⁻⁴. Gawanya. Milimita moja ya mwanya inapitisha maji kama mara milioni nne kuliko sentimita ishirini za grauti nzima.

Kwa hiyo ubora wa grauti yenyewe, ile tuliyoihangaikia kwenye silinda na mashine ya kubana, ulikuwa hauna neno kubwa hapa. Neno liko kwenye mguso wa grauti na dari.

Siku ya 24

Tumefungua. Nimeingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, kati ya grauti na bamba la dari: sehemu nyingi milimita 1, sehemu ya juu kabisa 1.6. Chumba cha sentimita 20, mililita 8 kwa lita, asilimia 0.8, piga hesabu, inatoka milimita 1.6 kamili. Ile ile namba niliyoambiwa siku ya 14 nikaipuuza. Ule uji uligusa dari kweli, kioo hakikudanganya, ila usiku chembe zikatulia chini, maji yakapanda juu, na asubuhi kulikuwa na njia.

Na kitu kinachonitia wasiwasi zaidi ni vipimo vya kweli. Chumba cha mgodi chenye kimo cha mita 2 kwa grauti ile ile kinapata mwanya wa milimita 16. Mwanya mara kumi, mtiririko mara elfu. Mchanga unaweza kuupunguza kwa vipimo, mteremko unaweza kuupunguza, kujitenga kwa maji kwenye grauti hakupungui kwa namna hiyo, na mtu anayechukua matokeo ya tangi dogo akayapeleka uwanjani moja kwa moja atajidanganya.

Siku ya 25

Hili nalo sikulitegemea. Dada wa kemia amemaliza sampuli za kifusi. Chuma na salfeti kwenye piezomita namba 2, iliyo ndani ya kifusi, vilipanda sana siku mbili baada ya grauti, juu kuliko siku yoyote ya hali ya mwanzo, na pH ikashuka hadi 2.4. Yaani tumeziba upande wa chini, asidi ikaongezeka upande wa juu.

Tumezunguka na hili mchana mzima na jibu liko kwenye ile picha yangu ya siku ya 11. Grauti ilizuia maji, maji yakapanda sentimita 4 ndani ya kifusi, yakafika kwenye yale mawe yenye unga mweupe na manjano. Zile chumvi zinayeyuka mara moja. Asidi iliyokuwa imewekwa akiba miezi miwili imetoka kwa siku mbili. Oksijeni haihusiki hapo kabisa, kazi ya oksijeni ilishafanyika zamani.

Kwenye mgodi wa miaka hamsini hiyo akiba ni kubwa kiasi gani? Ndo maana nasema mtu anayepima mlangoni tu, au anayepima miezi miwili ya kwanza tu, anaweza kutoa hukumu ambayo sio sahihi kwa upande wowote, kwamba grauti imeshindwa, au imefaulu.

Siku ya 27

Kosa langu na niliandike. Sampuli za siku ya 22 sikuzichuja siku hiyo hiyo. Kawaida tunachuja kwa karatasi ya mikromita 0.45 papo hapo halafu tunatia matone ya asidi ya naitriki ili metali zibaki zimeyeyuka. Nilichelewa hadi asubuhi, na chupa zilikuwa na mashapo ya chungwa chini. Chuma kimeganda, na kikiganda kinaivuta aseniki kikakaa nayo, kwa hiyo namba zozote tungezipata zingekuwa nzuri kwa uongo. Tumezifuta zote tano kwenye jedwali.

Siku ya 31

Tangi la 2. Kifusi kipya kutoka mabeseni yale yale. Safari hii maji yamepungua hadi 0.55, na tumeongeza bentonaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba kwa maji, iliyolowekwa usiku kucha, maana ukiitia kavu inafanya mabonge. Duara limeshuka hadi milimita 215, mzito zaidi lakini bado unatembea. Maji yaliyojitenga kwenye silinda: utando tu, sikuweza kuusoma.

Na tunapiga mara mbili. Mara ya kwanza kujaza, tunasubiri siku mbili ishike, halafu tunarudi na uji mwembamba kupitia visima vile vile kujaza mwanya wa dari. Fundi ameweka mrija wa kutolea hewa mahali dari ilipo juu kuliko kote, ukiona grauti inatoka kwenye ule mrija ndo unajua umejaza. Siku ile ya kwanza mimi nilitumia ugumu wa mpira mkononi kama alama ya kujaa, na ule unaweza kugoma kwa sababu nyingi.

Siku ya 33

Awamu ya pili imeingia mililita 140. Mililita 140 ambazo macho yaliniambia hazipo.

Siku ya 36

Mlangoni mililita 3 kwa dakika. Rangi: hakuna mstari darini.

Siku ya 40

Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani sentensi za ushindi, halafu nikasoma piezomita. Upande wa juu maji yamepanda sentimita 9. Namba 4, ile ya chini ya sakafu, imepanda sentimita 3 na pH yake, ambayo kwenye hali ya mwanzo ilikuwa 6.8 bila kutikisika, leo ni 5.2.

Maji hayajaisha. Yale yale mililita tisini na kitu yanaingia kutoka juu, mlango umefungwa, kwa hiyo yametafuta kwingine: mengine yanapanda yanapita juu ya bamba la dari, hayo ni afadhali kwa sababu hayagusi pairaiti sana, lakini mengine yanasukumwa kupitia ule mfinyanzi wa sakafu yakiwa yameshabeba asidi ya kifusi. Ule mfinyanzi kwenye mteremko wa kawaida ulikuwa unatosha. Kwa shinikizo hili jipya hautoshi.

Hili kwangu ndo kubwa kuliko yote tuliyoyaona. Mlangoni pamependeza. Anayekuja na chupa mlangoni atapiga picha maji machache masafi na kuondoka ameridhika, na kisima kilicho chini ya mgodi ndo kinaanza kubadilika. Ule utando wa chungwa kijitoni angalau unaonekana, watu wanauona wanakimbia. Maji yanayopita chini ya sakafu hayana rangi mpaka yatoke, na anayeyanywa hajui.

Siku ya 44

Kando ya tangi tuna vipande vya grauti, silinda ndogo zilizozamishwa kwenye maji safi na kubadilishiwa maji kwa ratiba: saa 2, siku 1, 2, 7, 14, 28, na kuendelea hadi siku ya 63. Leo tumeshapata za siku 28. Boroni ilitoka mapema na kwa wingi, inayeyuka kirahisi. Aseniki inatoka taratibu, na ukichora jumla yake dhidi ya muda kwenye mizani ya logi mteremko unakaribia nusu, alama kwamba inasambaa kutoka ndani ya grauti kuja nje, haioshwi tu juu juu. Hilo linatupa matumaini kwa sababu kitu kinachosambaa kinapungua kasi kadiri siku zinavyokwenda, na kipande kikubwa kina ngozi ndogo kwa ujazo wake kuliko silinda yetu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni aseniki mikrogramu 10 kwa lita na boroni miligramu 2.4. Kwenye maji ya kuzamishia boroni ilivuka mara moja, ile ya saa 2. Aseniki ilivuka kidogo siku ya 2 na siku ya 7. Lakini ndani ya tangi, mahali maji ya grauti yanapokutana na maji ya kifusi yenye chuma, aseniki karibu haionekani, imeshikwa na ule utando wa chungwa. Ule utando mbaya umekuwa mtego. Ila nasita kuutegemea, maana mtego wa chuma unashika vizuri ukiwa na pH ya asidi kidogo au ya kati, ukipata alkali kali unaweza kuachia.

Siku ya 49

Tumekata grauti ya tangi la 1 kwa msumeno, upande uliokuwa unapakana na kifusi. Chini ya lenzi unaona ngozi mbili: ya nje ya chungwa, chuma, na ndani yake fuwele nyeupe kama sindano fupi, jasi, iliyotokana na salfeti ya asidi kukutana na kalsiamu ya chokaa. Pamoja hazifiki milimita. Nyuma yake grauti ni ya kijivu na ngumu kama siku ya kwanza, ukiikwaruza kwa msumari inakataa. Hiyo ngozi inailinda grauti isiliwe na asidi, lakini pia inaizuia isitoe chokaa yake kuituliza asidi. Kwa hiyo wanaosema grauti itaendelea kuitibu asidi miaka yote, hapa mimi naona itaitibu mpaka ngozi ijijenge, baada ya hapo ni jiwe tu linaloelekeza maji.

Tumeanza pia kuiingiza kemia kwenye PHREEQC, programu ya bure ya kukokotoa mienendo ya madini na maji. Inatabiri jasi vizuri. Chumvi za kifusi inabidi tuziweke kwa mkono, vinginevyo programu haijui kama zipo, na bila hizo haioni kabisa ule mruko wa asidi ndani ya kifusi wa siku ya 18.

Siku ya 53

Tangi la 3, na hapa tumebadilisha fikra. Grauti ile ile ya tangi la 2, awamu mbili, mrija wa hewa. Lakini kabla ya kifusi, upande wa juu wa mkondo, tumeweka mfereji wa changarawe wenye bomba la kutolea maji kando, ili maji masafi yachukuliwe kabla hayajafika kwenye pairaiti. Fundi aliuliza kwa nini tusiweke bomba ndani ya kifusi ili kushusha kina haraka zaidi. Tungeshusha, lakini tungekuwa tunatoa asidi na kuirudishia hewa. Tunataka kifusi kibaki kimezama, maji yake yamesimama, na shinikizo juu ya sakafu liwe dogo. Ni kimo kimoja tu cha mdomo wa bomba kinachoamua yote hayo, sentimita moja juu au chini, na tumeanza na sentimita 2 juu ya mgongo wa kifusi.

Siku ya 58

Mlangoni mililita 2. Bomba la mfereji mililita 81, pH 6.9, maji unaweza kuyarudisha kijitoni. Namba 2 ndani ya kifusi ilifika 2.5 kama tulivyojua itafika, chumvi zile zile, na leo imeshapanda hadi 3.0. Namba 4 imepanda sentimita 0.5 tu na pH imekaa 6.6.

Sitasema bado kitu juu ya 6.6. Tangi la 2 nalo lilichukua siku saba kabla ya kuonyesha. Tumefunga chupa kumi na mbili, zimechujwa leo leo, na kimo cha bomba kesho tunakishusha nusu sentimita tuone namba 4 itajibu vipi.